Mguu Umepooza, Daktari Kaandika Mstari Mmoja

SWALI: Nina faili la mgonjwa aliyepata kiharusi miezi minane iliyopita, mshipa wa ubongo uliziba. Daktari kaandika tu: "Mguu wa kushoto umepooza, athari ya kiharusi." Mwenzangu anataka tuweke msimbo I63, wa ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa. Mimi nasita. Nifanyeje?

JIBU: Umefanya vyema kusita, ndugu yangu. I63 ni ya kiharusi chenyewe, kikiwa bado kinatibiwa. Huyu amebaki na athari, kwa hiyo nenda I69. Kwa kuwa mshipa uliziba, haukupasuka, na kilichopooza ni mguu mmoja, katika ICD-10-CM, lile toleo la Marekani, ni I69.34.

Tarakimu ya mwisho ndiyo inayotusumbua sote. Inataka upande, na kama ni upande wa mkono anaoutegemea mgonjwa. Faili likinyamaza, mwongozo unasema kushoto kuhesabiwe kuwa si upande anaoutegemea: I69.344. Ingekuwa kulia, I69.341.

Ila nakusihi, usikimbilie hapo kabla ya kusoma faili lote. Mimi niliwahi kulifunga la mtu kwa I69.344, halafu nikaona maelezo ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo: "Anashika kijiko kwa mkono wa kushoto." Moyo ulinipiga. Nilimwandikia daktari, akathibitisha kwenye faili, ikawa I69.342.

Nawe mwandikie daktari wako, tena umuulize na kuhusu mkono. Kama nao umepooza upande huohuo, msimbo ni wa familia ya I69.35.