Ukimpeleka mgonjwa Mumbai, nenda pia makumbusho ya sinema

Waliowahi kusindikiza wagonjwa India wanazijua siku za kusubiri majibu ya vipimo. Huna kazi, na mbali huwezi kwenda. Kama mko Mumbai, nenda Makumbusho ya Taifa ya Sinema ya India, Pedder Road. Walio Hospitali ya Jaslok wako barabara hiyo hiyo. Wengine panda teksi, na dereva awashe mita. Jumatatu hapafunguliwi. Chukua pasipoti, na usishtuke kuona mgeni anatozwa zaidi ya mwenyeji.

Yalifunguliwa Januari 2019, na majengo ni mawili: Gulshan Mahal, jumba la karne ya 19, na jengo jipya. Anza na la zamani.

Sisi tuliokulia picha za Kihindi huingia tukimtafuta Amitabh. Atakuja tu. Utamu wenyewe uko mwanzoni, na utaupata zaidi ukienda unajua habari kidogo. Kwa mfano, Dadasaheb Phalke alipotengeneza Raja Harishchandra, picha ndefu ya kwanza ya India, mwaka 1913, hakupata mwanamke aliyekubali kuigiza. Malkia akaigizwa na mwanamume, Anna Salunke, aliyekuwa mpishi hotelini! Au Alam Ara ya 1931, picha ya kwanza ya India yenye sauti: walirekodi usiku wa manane kwa sababu studio ilikuwa karibu na reli, na mchana treni zingewaharibia kazi. Ilikuwa na nyimbo saba, na mpaka leo picha ya Kihindi isiyo na nyimbo tunaiona ina kasoro. Ilizinduliwa katika sinema ya Majestic, jina ambalo Mzanzibari hahitaji kuelezwa, maana Unguja nako kulikuwa na sinema ya jina hilo. Inauma kwamba hakuna nakala yake hata moja iliyosalia.

Jengo jipya sikukaa sana. Kuna ukumbi wa watoto, na mwingine wa Gandhi na sinema, jambo lililonichekesha kidogo maana mzee yule sinema hakuipenda kabisa.

Mgonjwa akiwa na nafuu na daktari akiruhusu, mchukue, hasa kama ni mtu wa makamo. Shangazi yangu hajui Kihindi, lakini alikuwa ananitangulia kwenye kila picha ya ukutani, akiimba, na walinzi wakimwitikia.