Vipimo vyote safi, ami yake anasema tumwoze

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, anaishi kwa bibi yake Wete, Pemba. Mimi na baba yake tuliachana miaka mitatu nyuma, nikaja Unguja kufanya kazi ya kufua hotelini. Tangu Ramadhani hali chakula, usiku halali, na darasani anaanguka na kupiga kelele mpaka abebwe. Amepimwa damu na kichwa kimepigwa picha, vyote safi. Hospitali walimwandikia dawa za sonona, akanywa siku tisa, bibi akaona hazisaidii akazisitisha. Mganga amesema ni jini mahaba, anataka 350,000 na beberu mweusi. Ami yake anasema posa imeshaletwa, tumwoze, akiwa na mume mawazo yatakwisha. Vipimo vikiwa safi, si ndiyo dalili kuwa haya si maradhi ya hospitali? Na zile dawa nimwanzishie tena?

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. (Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, lakini nimeshazoea kuitwa daktari.)

Dawa kwanza, maana hapo ni pafupi. Dawa za sonona, yaani maradhi ya huzuni iliyozidi, si panadoli. Siku za mwanzo mgonjwa anaweza kuona kero tupu: kichefuchefu, tumbo, usingizi kuvurugika. Nafuu huanza kuonekana baina ya wiki ya pili na ya nne, mara nyengine hata ya sita. Kwa hiyo siku tisa bado. Lakini usimwanzishie wewe kwa simu. Arudishwe kwa aliyemwandikia, kwa sababu kijana wa umri wake anatakiwa aonwe mara kwa mara wiki za mwanzo. Wapo ambao mawazo ya kutaka kufa huzidi kabla ya kupungua. Muulize waziwazi kama anatamani kufa. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, ni hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake, na dawa zote za nyumbani na za shambani ziondolewe karibu yake.

Vipimo safi ni habari njema, lakini si ushahidi wa jini. Damu tunaipima tujue kama imepungua, au tezi ya shingoni ina hitilafu, maana hayo humlegeza mtoto ukadhani ana mawazo. Hakuna kipimo cha damu kinachoonesha huzuni. Na picha ya kichwa itaonesha uvimbe, haitaonesha kuwa mama yake yuko ng'ambo ya maji.

Huko kuanguka, mwombe mwalimu arekodi kwa simu, dakika mbili zinatosha. Kwenye kifafa macho kwa kawaida huwa wazi, mwili hukakamaa kisha hutikisika, na mara nyingi huisha ndani ya dakika mbili tatu. Anaweza kujing'ata ulimi au kujikojolea. Kuna kuanguka kwengine ambako macho hufumbwa, kutikisika huja na kuondoka, na kunaweza kuchukua robo saa na zaidi. Huko si kifafa. Wala si kujifanya, waambie hivyo na walimu wake. Mtoto haamui kuanguka, kama wewe usivyoamua kutetemeka ukipigiwa simu ya msiba. Ipi kati ya hizo mbili ni yake, aseme atakayeiona ile video na kumwona na yeye mwenyewe.

Sasa la ami. Hili ndilo linalonichosha, na haipiti wiki sijalisikia. Binti hali, halali, analia: mwozeni atulie. Sijapata kumwona mwenye sukari akaozwa ili sukari ishuke.

Aliwahi kuletwa kwangu msichana wa miaka 15 (nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane) na dalili kama hizi. Tukaonana mara mbili, ya tatu hakuja, nikasikia ameolewa. Baada ya miaka minne akaletwa tena, safari hii na mama mkwe, na mtoto wa miezi minane. Alikaa kiti kile kile. Alikuwa akiikunja ncha ya mtandio, anaikunjua, anaikunja tena. Nikamuuliza mtoto anaitwa nani. Akamtazama mama mkwe, amjibie.

Yale ya mwanzo hayakwenda popote. Yaliongezewa kupika kwa watu tisa na kuzaa akiwa bado mdogo. Aliyewahi kupata sonona yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuipata tena baada ya kujifungua, hilo tunalijua vizuri. Na akirudishwa kwao na talaka, watasema jini limemfuata.

Naelewa kwa nini watu wanaamini. Siku za harusi msichana huchangamka kweli. Anasingwa, anatiwa hina, somo wake (kungwi) anashinda naye chumbani anamsikiliza. Pengine ni mara ya kwanza kwa miaka mtu anamuuliza amekula nini na ameota nini. Aliyempa nafuu ni yule somo, bwana harusi hata hajaingia. Basi mtafutieni mtu wa namna hiyo bila harusi: mama mdogo, mwalimu, jirani ambaye hatapeleka maneno.

Tena ana miaka 16. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Ami akishika bango, nenda kwa sheha na ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya watoto, ni bure.

Kuna jambo hukuliandika. Bibi huyo ni wa upande gani? Kama ni mama yake baba, mtoto anakusikia ukisemwa, na chakula anachokula ni cha huyo huyo anayekusema. Posho likichelewa, nani anatumwa ampigie baba simu? Nyumba nyingi hutumwa binti, eti baba hawezi kumkatalia. Akikataa, binti ndiye anayerudisha jibu jikoni. Sikulaumu kwenda kazini, mama, hela hizo ndizo zinazomsomesha. Lakini hayo muulize wewe, uso kwa uso, bibi akiwa hayupo.

Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18, kwa hiyo wa kwako si wa ajabu. Wala usitishike na jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja. Watu wanadhani ukikanyaga kliniki ya afya ya akili unapakiwa ukalazwe huko. Wengi tunaowaona hurudi kwao siku hiyo hiyo.

Dua sina ugomvi nayo, msomeeni, na mimi wangu huwasomea. Ninaogombana nao ni wenye bei. Mganga akikwambia acha dawa za hospitali, ondoka. Akitaka abaki na binti chumbani peke yao, ondoka mbio; nimepokea wasichana waliokwenda na maradhi moja wakarudi na jengine ambalo hawawezi kulisema mbele ya mama. Siku hizi wapo na wa WhatsApp, wanaojiita madaktari wa saikolojia, wanauza unga wa "tiba ya siku saba" kwa sauti nzuri ya kuliwaza. Wateja wao wakubwa ni wanawake wazima: aliyeolewewa mke mwenza, asiyepata mtoto, aliyejifungua akawa hataki kumshika mwanawe. Sonona kwa wanawake ni takriban mara moja na nusu ya ile ya wanaume, na si kwa sababu majini yanapenda kanga.

Na maduka ya dawa yanayotoa diazepamu kama pipi, hayo nayo. Inalaza, haitibu sonona, na mwili huizoea ndani ya wiki chache. Kama kuna mtu nyumbani ameinywa kwa miezi, asiikate ghafla, inaweza kumletea degedege. Aje apunguziwe kidogo kidogo.

Hiyo 350,000 usimpe mganga. Katia tiketi ya boti uende Wete, ukae naye japo wiki moja, umpeleke kliniki wewe mwenyewe na vidonge vilivyobaki mkononi. Na kama kianzio umeshatoa, kisamehe.