Ruzuku ya mbolea: hakuna hela itakayoingia kwenye simu mkuu

Mkuu umeuliza umejiandikisha ruzuku toka mwezi wa nane na mpaka leo hela haijaingia, eti umeliwa na mtendaji? Hujaliwa. Hii ruzuku haiji kama hela, unaikuta kwenye bei dukani kwa wakala, serikali inamalizana na wauza mbolea wewe unalipa kilichobaki. Kinachoingia kwenye simu ni meseji ya namba yako ya ruzuku tu, ile wakala anayoiingiza kwenye mfumo, na hiyo namba ndo mali, usiifute.

Mimi nalima mahindi ekari 4 Handeni, enzi za vocha za pembejeo kuanzia 2008 nilikuwepo. Zile zilikuwa karatasi kabisa, kamati ya kijiji inachagua nani apate, unaongezea nusu ya bei. Tatizo mtu hana hiyo nusu, sasa wakala mmoja pale kwetu alikuwa anakwambia nipe vocha zako nikupe elfu kumi yaishe, watu wakasaini mbolea ambayo hawajaiona kwa macho (na mimi mmoja wapo, njaa haina adabu).

Hii ya sasa ilizinduliwa Nanenane 2022 kule Mbeya. DAP, ile mbolea ya kupandia, ilikuwa imepaa mpaka laki na thelathini hivi mfuko wa kilo 50, ikashushwa elfu 70, zile za kukuzia Urea nayo 70, CAN 60. Kwa karatasi safi sana. Ila mwaka wa kwanza mtendaji kaniandika ekari 1 badala ya 4, sijui alichoka au mstari uliruka, na mimi sikuangalia, nikasema asante nikaondoka. Nafika Mkata kwa wakala anaingiza namba, mfumo unasema mifuko miwili basi, maana unapewa kulingana na ekari ulizosajiliwa. Nikarudi kijijini kurekebisha, mtendaji yuko semina, akirudi mtandao hakuna, taarifa zinakaa sawa mahindi yashatoa mbelewele, hapo urea unamwagia nini sasa? Ekari 3 zile nilivuna za kulia ugali nyumbani tu. Kwahiyo siku ya kuandikishwa simama hapohapo asome kwa sauti jina, NIDA, ekari, zao, namba ya simu.

Halafu usisahau usafiri. Boda kutoka kwetu mpaka kwa wakala na kurudi na mifuko miwili alinipiga elfu 15, wakati mwingine unafika unaambiwa mzigo haujaja njoo Jumatatu. Siku hizi tunakusanyana watu sita tunakodi kirikuu, na mmoja anapiga simu kwanza kuuliza mzigo upo. Na nunua ya kupandia na ya kukuzia pamoja kama hela inaruhusu, ukisubiri masika yakolee barabara yetu ile haipitiki.

Wewe nenda kwa mtendaji na NIDA na laini uliyoandikishia, aangalie kama upo. Kama uliandikisha laini ya mtu hapo ndo kazi. Mama mkubwa alitumia laini ya mjukuu, mjukuu kaenda zake Dar, meseji ikaingia kule akadhani matapeli akafuta. Msimu mzima bibi wa watu kapanda bila hata punje ya DAP. Sasa hivi ana kitochi chake, kakifunga kwenye pindo la kanga, ukimwomba upige anakujibu hiki cha mbolea hiki.