Kidole changu kiliangukia kwa Ayubu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako, nina miaka 34 na watoto watatu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, njia ya Tunduma. Mwaka jana mwezi wa tano lori lilipinduka Kitonga, mguu ukavunjika sehemu mbili. Mpaka leo anatembelea magongo, kazi hana, tunakula kwa hii cherehani.

Kila asubuhi nilikuwa nafunga macho, nafungua Biblia popote, natia kidole. Mstari nilioangukia ndio neno langu la siku. Jumatatu iliyopita kidole kikaangukia pale Ayubu anapolaani siku aliyozaliwa. Nimeogopa, sijafungua tena. Kabla ya hapo nilijaribu ule mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka mmoja, nikakwama Walawi mwezi wa pili. Kwenye kundi la wamama wa kanisani kila mtu ananitumia Yeremia 29:11. Naisoma naona kama anaambiwa mtu mwingine. Shangazi, Mungu ameniacha? (Msomaji, Makambako)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana, na baba watoto umfikishie pole zangu.

Nianze na kidole, maana hicho nakijua. Nilikuwa muuguzi, miaka mingi wodi ya watoto, na mchezo wako ulikuwa wangu. Naingia zamu ya usiku, natoa Agano Jipya dogo mfukoni mwa gauni, nafumba macho, natia kidole. Usiku mmoja jirani yangu alilaza mwanawe kwetu, homa kali na degedege. Nikatia kidole, nikaangukia mstari wa uponyaji. Nikamwendea yule mama pale kitandani, nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyetumwa: atapona, nimepewa neno. Mtoto alikata roho saa kumi alfajiri.

Yule mama hakunilaumu hata siku moja. Aliacha tu kuja kwangu. Tulikuwa tunaazimana mpaka chumvi, lakini tangu msiba ule akawa anatuma mtoto dukani. Ilinichukua miaka kukiri kwamba neno lile sikupewa na mtu. Nililiokota mwenyewe, nikalipiga muhuri wa Mungu.

Kwa hiyo hapana, Jumatatu hukuletewa ujumbe wa laana. Ulifungua kitabu katikati ya kilio cha mtu, basi. Kosa lako, kama ni kosa, ni kuondoka msibani kabla hujasikia mwisho. Ukimfuata Ayubu mpaka sura ya 42 utamkuta Mungu amewakasirikia wale rafiki zake waliokuja na maneno yaliyonyooka. Anawaambia hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Ndiye huyo huyo aliyelaani siku yake! Mimi nikisoma pale huwa nawakumbuka watu wa makundi ya simu, nami nikiwamo.

Tukija kwa Yeremia wako, usiwachukie hao wamama. Mstari ni mzuri, ila wamekutumia kipande kilichokatwa kwenye barua. Ile sura ya 29 ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli. Sura iliyotangulia, nabii mmoja jina lake Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba miaka miwili tu, kila kitu kitarudi. Akaivunja na ile nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, watu wakitazama. Wewe ungekuwa pale ungemshangilia nani? Mimi Hanania, bila kufikiri mara mbili. Yeremia mwenyewe aliitikia Amina. Alitamani iwe hivyo. Lakini haikuwa kweli. Barua yake ikasema miaka sabini. Mstari wa kumi, ule ambao hakuna anayeutuma kwa simu. Na kabla ya hapo anawaambia wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuoza huko huko ugenini. Ndipo unakuja wako: “nayajua mawazo ninayowawazia ninyi… ni mawazo ya amani wala si ya mabaya.”

Uliposema unaona kama anaambiwa mtu mwingine, hukukosea. Aliambiwa mtu mwingine kwanza, mtu aliyekuwa na shida ndefu kama yako, akaambiwa apande mboga wakati anangoja.

Ukipata nafasi soma na sura ya 32. Jeshi la Babeli limeuzunguka mji, Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi, anakuja binamu yake kumuuzia shamba. Shamba liko Anathothi, eneo ambalo adui keshalikalia. Nani ananunua shamba la namna hiyo? Yeremia ananunua. Anapima shekeli kumi na saba za fedha, anaita mashahidi, anatia muhuri hati, anamwagiza Baruku, karani wake, aitie katika chombo cha udongo ikae siku nyingi. Sisi tuliowahi kuhangaika na hati ya kiwanja tunajua mtu hahifadhi karatasi hivyo kama haamini kuna siku itaulizwa. Halafu, nami hapa ndipo nilipompendea, akishamaliza kulipa anaanza kumwuliza Mungu: umeniambia ninunue, na mji wenyewe ndio huo unachukuliwa? Pesa imeshatoka, moyo bado unauliza. Mwanangu, mimi nimemwamini Mungu hivyo hivyo zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sijui kuamini kwa namna nyingine.

Kuhusu ule mpango wa mwaka mmoja: Biblia ina sura 1,189, kwa hiyo ni sura tatu au nne kila siku, Walawi na hesabu za makabila zikiwamo. Kwa mama anayewasha jiko saa kumi na moja na kukesha akishona sare za shule, huo ni mzigo. Uache. Walawi hawaondoki.

Chukua Ruthu. Sura nne tu. Kuna njaa, kuna mama aliyefiwa na mume na watoto wawili wa kiume, anarudi kwao anawaambia watu wasimwite tena Naomi, wamwite Mara, kwa sababu Mwenyezi amemtenda mambo machungu. Anasema hivyo waziwazi, na hakuna anayemkemea. Sura ya pili mkwewe Ruthu anatoka kwenda kuokota masazo shambani, jioni anarudi na efa ya shayiri, kipimo cha nafaka cha siku zile. Nyumba inalishwa na mikono ya mwanamke mmoja. Hiyo unaijua kuliko wahubiri wengi. Baada ya Ruthu nenda Marko, sura 16, kwa utaratibu, sura moja kwa siku, na siku umeme umekatika au mteja anataka gauni lake jioni, hata nusu sura. Katikati, ukizidiwa, Zaburi ya 13. Mistari sita, inaanza na “hata lini”. Ya 88 pia uijue ipo: inaishia gizani kabisa, haina mstari wa kufurahisha mwishoni, na bado watu waliiimba mbele za Mungu. Ukiona Biblia ya tafsiri ya Union ya 1952 ina maneno mazito, weka pembeni ile tafsiri ya Habari Njema, yenye Kiswahili chepesi. Mimi nimebaki na Union kwa sababu ndiyo iliyolowa machozi yangu, si kwa sababu nyingine.

Sasa nikuulize na mimi. Barua yako imesema mengi ya mguu wa mumeo, haikusema hata neno moja la mdomo wake. Anasoma? Wodini nimeona wanaume wengi waliovunjika. Kinachowala si maumivu, ni kukaa wakitazama mke anahangaika. Wewe mikono yako haiachi cherehani, yeye mikono yake haina kazi. Mpe Biblia. Asogeze kiti karibu na meza yako kabla mteja wa kwanza hajaja, asome kwa sauti, wewe unashona. Ukianza mshono mrefu unakanyaga taratibu ili usikie. Akikosea majina mcheke. Usimpangie cha kuomba wala usimhubirie, asome tu.

Kata kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye sare, kiwe alama ya ukurasa, na mchezo wa kidole ukome. Mkifika sura ya tatu, pale Ruthu anapoenda kulala miguuni pa Boazi, yule mwenye shamba, kwenye uwanja wa kupuria, niandikie dereva wetu amesema nini. Nina hamu ya kujua.