Usikariri Matabaka ya Mtandao, Yafuate

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, nina mtihani mwezi ujao, nipe njia rahisi ya kukariri yale matabaka saba ya OSI." OSI ni mfano unaogawa kazi ya mtandao katika ngazi saba, kuanzia kebo mpaka programu. Swali lake lilinikaa moyoni siku nzima, kwa sababu mimi niliyakariri. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia yote, kwenda na kurudi. Na siku nilipoyahitaji hayakunisaidia chochote.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, ofisi moja ya mizigo hapa Dar, ghorofa ya tatu. Walikuwa wamebadilisha intaneti. Barua pepe fupi zilitoka vizuri, zenye viambatisho zikakwama. Tovuti nyingine zilifunguka, nyingine zikazunguka tu. Nikapiga ping, ile amri ya kutuma pakiti ndogo ya kujaribu kama kompyuta nyingine inajibu. Ikajibu. Nikajiaminisha: kebo nzima, ruta nzima, basi ugonjwa uko kwenye kompyuta zao. Nikafuta Windows kwenye mashine mbili na kuiweka upya. Siku mbili zikaisha, tatizo liko palepale.

Siku ya tatu bosi akaja na fundi mwingine. Mama mwenye ofisi akasema mbele ya wafanyakazi wote, "Huyu wa kwanza mlituletea mwanafunzi." Maneno hayo bado nayasikia mpaka leo.

Yule fundi hakugusa kompyuta hata moja zaidi ya ile aliyokalia. Aliandika ping -f -l 1472 na anwani ya seva ya nje, yaani ping yenye baiti 1472 za data, isiyoruhusiwa kukatwa vipande. Haikupita. Akajaribu 1464. Ikapita. Akaingia kwenye ruta, akashusha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, kutoka 1500 hadi 1492, na viambatisho vikaanza kwenda.

Nilikuja kuelewa baadaye, nimekaa peke yangu na karatasi. Ukituma mzigo Mwanza kwa basi, wewe unafunga sufuria kwenye boksi, wakala anabandika jina na namba ya simu, konda anapakia bila kufungua. Kila mmoja anaongeza chake juu ya kazi ya mwenzake. Data nayo hufungwa hivyohivyo: TCP, inayohakikisha data inafika yote, inaongeza baiti 20 au zaidi, IP, inayobandika anwani, nyingine 20, halafu Ethernet, mtandao wa kebo wa ofisini, inabeba pakiti isiyozidi baiti 1500. Laini yao mpya ilitumia PPPoE, njia ya kuingia kwa mtoa huduma kupitia Ethernet, inayokula baiti 8. Buti la basi lilikuwa limepungua na hakuna aliyewaambia wapakiaji. Ping yangu ya baiti 32 ilipenya bila shida, viambatisho vikaachwa stendi.

Kwa hiyo mdogo wangu, elewa kila tabaka linaongeza nini. Ndiyo, mtihani utakuuliza OSI, kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, cha mwaka 1984. Lakini intaneti inaendeshwa na TCP/IP, ambayo ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, iliihamia tarehe 1 Januari 1983, na matabaka yake kwa kawaida huhesabiwa manne. Anza chini: taa ya swichi inawaka? Panda: anwani umepata, au ni ile ya 169.254 inayokuambia DHCP, mgawaji wa anwani, haikujibu? Panda tena: namba inajibu lakini jina halifunguki? Hiyo ni DNS, inayogeuza majina kuwa namba. Usiruke ngazi. Narudia, usiruke ngazi, na usiseme tabaka ni zima kwa sababu tu limepitisha kitu kidogo. Vijana wengi mnakimbilia vyeti na mnaogopa kushika kebo. Acheni hiyo tabia, kazi hii inataka mikono.

Mwezi uliopita zahanati moja ilinipigia simu. Majibu ya maabara yenye picha hayaendi, ujumbe mfupi unaenda. Dalili zilezile. Nilimaliza kwa dakika kumi, nikiwa nimesimama.

Leo usiku, kabla hujafungua daftari, anza na ping -f -l 1472 kwenye Windows, kwenda seva yoyote ya nje inayojibu ping. Isipopita, shuka namba mojamoja mpaka ipite, ongeza 28 (20 za IP na 8 za ping yenyewe) upate MTU, kisha niandikie umepata ngapi.