Kadi Mbili Mfukoni: Ipi Ilipe Kwanza?

Maswali ya toleo hili yanatoka kwa watumishi na wastaafu wa serikali kuu ya Marekani wenye FEHB, bima ya afya ya watumishi hao, ambao kutimiza miaka 65 kumewaletea pia Medicare, bima ya umma ya wazee. Sehemu A ya Medicare hulipia kulazwa hospitali, na aliyekatwa kodi yake kazini kwa miaka 10 hatozwi ada. Sehemu B hulipia daktari, vipimo na matibabu ya nje, na ina ada kila mwezi.

Mume wangu ametimiza miaka 65 na bado ni mtumishi wa serikali kuu. Atastaafu 30 Juni. FEHB yake inatuhudumia sote wawili. Jirani anasema kwa kutochukua Sehemu B ameshaingia kwenye adhabu ya kuchelewa, inayopandisha ada. Ni kweli? (Mke mwenye wasiwasi, Maryland)

Si kweli, mama, maadamu mzee yuko kazini. Bima itokanayo na kazi ya sasa inamkinga yeye na wewe pia, hata akifanya kazi hadi miaka 70. Wakati huo FEHB hulipa kwanza, Medicare hufuata.

Siku anayoacha kazi ndipo hesabu inapoanza. Akistaafu 30 Juni, ana miezi 8 ya kujiandikisha Sehemu B bila adhabu, kuanzia Julai hadi mwisho wa Februari. Hapa ndipo wengi wanaponaswa: FEHB inaendelea ustaafuni, kadi ni ileile, mpango ni uleule, basi mtu anaamini kinga nayo inaendelea. Haiendelei. Bima ya mstaafu haihesabiwi kuwa bima ya kazi. Aombe mapema, Sehemu B ianze 1 Julai. Fomu ni mbili: CMS-40B anajaza mwenyewe, CMS-L564 inajazwa na ofisi ya utumishi kuthibitisha tarehe za kazi na bima. Hiyo ya pili ndiyo hukwamisha watu, kwa hiyo aifuatilie kabla hajaaga wenzake, abaki na nakala, kisha azipeleke zote Social Security, idara ya hifadhi ya jamii inayoandikisha watu Medicare.

Sehemu A aichukue, isipokuwa kama anaweka fedha kwenye akaunti ya akiba ya matibabu, HSA. Mwenye Sehemu A haruhusiwi kuweka humo, na Sehemu A ikiombwa baada ya miaka 65 hurudishwa nyuma hadi miezi 6. Michango isimame miezi 6 kabla ya kuomba.

Na la kwako, mama: FEHB itabaki nawe akitangulia ikiwa tu siku hiyo ulikuwa ndani ya bima yake na alikuwa amekuchagulia pensheni ya mjane. Karatasi hiyo hujazwa wakati wa kustaafu. Ikagueni pamoja.

Nimestaafu na FEHB inanilipia vizuri. Kwa nini niongeze ada ya Sehemu B? (Mstaafu, Virginia)

Tuanze na hesabu. Ada ya kawaida ya Sehemu B mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi, yaani 2,220 kwa mwaka. Mke na mume, 4,440. Si fedha ndogo kwa mtu wa pensheni.

Unachopata ni hiki. Ukishastaafu Medicare hulipa kwanza, na mipango mingi ya FEHB humwondolea mwenye A na B kile kiasi cha kujilipia cha mwanzo wa mwaka pamoja na mgawo wake katika kila bili. Ukishamaliza kiasi cha mwanzo cha Sehemu B, matibabu ambayo Medicare imeyathamini dola 1,000 hulipiwa 800 na Medicare, FEHB inamalizia 200, nawe hutoi kitu. Baadhi ya mipango hurudisha hata sehemu ya ada ya B, ila lazima udai kwa kuonyesha uthibitisho wa malipo, asiyedai hapewi. Yote haya yako katika Sehemu ya 9 ya kitabu cha mpango wako. Isome hiyo kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, pamoja nasi.

Kuna faida nyingine inayosahaulika: ukiwa na A na B, mpango ghali wa FEHB mara nyingi hauna maana tena. Shuka kwenye wa bei nafuu. Unaruhusiwa kubadili mara moja tu, wakati wowote kuanzia siku 30 kabla ya kustahili Medicare, au katika msimu wa kubadili mipango kati ya Novemba na Desemba.

Ukisema utaichukua ukianza kuugua, kuna adhabu ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyochelewa. Miaka 3 ni asilimia 30: kwa ada ya 2025, dola 185 zinakuwa 240.50, na nyongeza hiyo haikuachi maadamu una B. Tena mlango hufunguliwa Januari hadi Machi tu.

Maoni yetu: mwenye maradhi ya kudumu aichukue bila kusita. Anayepaswa kupima zaidi ni yule ambaye mpango wake una migawo midogo sana, anayehamia nje ya Marekani, ambako Medicare karibu hailipi kabisa, au mwenye kipato kikubwa. Ada ya 2025 ilipanda kwa aliyeripoti zaidi ya dola 106,000 katika kodi ya 2023, au 212,000 kwa wanandoa wanaowasilisha pamoja. Kama kipato kilishuka kwa sababu umestaafu, omba ipunguzwe kwa fomu SSA-44.

Bima ya nyongeza ya Medigap usinunue. FEHB inafanya kazi hiyo.

Kliniki imenitumia bili nzima. FEHB imekataa kulipa. (Mstaafu, Georgia)

Usilipe bado. Huenda kumbukumbu zinakuonyesha ungali kazini, kwa hiyo bili ilianzia FEHB badala ya Medicare. Pigia kituo cha Medicare cha uratibu wa malipo, uwape tarehe ya kustaafu. Ipe FEHB namba yako ya Medicare. Kisha itake kliniki ianze upya na Medicare. Mwisho wa kudai ni miezi 12 tangu siku ya huduma. Kama mwenzi wako yuko kazini na bima ya mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi inakuhudumia nawe, hiyo hutangulia, Medicare inafuata, FEHB yako inamalizia.

Wakala ananiuzia Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, anasema nifute FEHB. (Mstaafu, Texas)

Usifute. FEHB iliyofutwa kwa kawaida hairudi. Omba OPM, ofisi ya serikali kuu inayosimamia watumishi na pensheni zao, iisimamishe, ukiambatanisha uthibitisho wa bima mpya. Hapo unaweza kurudi katika msimu wa kubadili mipango, au mapema zaidi ukipoteza bima hiyo bila kutaka. Lakini kusimamisha kunawatoa wote waliomo: mke asiyefika miaka 65 atabaki bila bima.