Meno ya Tairi Yalinidanganya

Juzi msomaji mmoja wa Koboko ameniandikia: "Kaka, nimepata RAV4 kutoka Japani, nataka kubadilisha tairi. Nichukue mpya za bei nafuu au mtumba wa Kijapani?" Swali hilo nililisoma mara tatu. Niliwahi kujiuliza mwenyewe, na jibu nililojipa nusura limuue mama yangu.

Desemba 2021 nilimfuata mama Arua nimlete Kampala atibiwe macho. Nilikuwa na wiki mbili tu tangu nifunge tairi nne za mtumba. Muuzaji namfahamu kwa miaka mingi, tunaswali msikiti mmoja. Alipitisha kidole gumba kwenye meno ya tairi akaniambia, "Tazama, hizi hazijatembea." Kweli meno yalikuwa marefu. Nikalipa, nikashukuru.

Tulitoka Arua saa nne asubuhi, tukapita Nebbi, tukavuka daraja la Nile pale Pakwach jua likiwa utosini. Kabla ya Karuma tairi ya nyuma kushoto ikapasuka kwa mshindo. Gari likayumba. Nikaushikilia usukani, sikugusa breki, nikaliacha lipungue mwendo lenyewe mpaka likasimama kwenye nyasi. Mama alikuwa ameikamata tasbihi yake kwa mikono miwili, hasemi neno.

Nilipoivua ile tairi, meno yalikuwa bado mazima. Ngozi yake ndiyo iliyobanduka, kama ganda la muhogo uliochemshwa. Upande wa ndani, mwishoni mwa herufi za DOT, zile za kiwandani zilizopigwa ubavuni mwa tairi, paliandikwa 4709: wiki ya 47, mwaka 2009. Miaka kumi na miwili! Juu yake pameandikwa STUDLESS, yaani tairi ya theluji, mpira laini uliotengenezwa kwa baridi ya Japani, nami naikimbiza kwenye lami ya Pakwach saa sita mchana. Tairi zote nne zilifungwa namba zikitazama ndani. Mpaka leo hilo linaniuma. Tukikutana msikitini yule muuzaji ananisalimu, naitikia, basi.

Spea nayo ilikuwa imening'inia mlango wa nyuma ndani ya kava ambalo sikuwahi kulifungua. Nilipolifungua, mpira umejaa nyufa. Tulitambaa nayo hadi Karuma.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Koboko, kabla ya bei soma ubavu wa tairi. Tarakimu nne za mwisho za DOT ndizo umri wake. Muuzaji akikataa kuigeuza uzione, ondoka. Kisha saizi: yangu ni 225/65R17 102H. Hiyo 102 maana yake kila tairi inabeba kilo 850. Usikubali namba iliyo chini ya ile ya gari lako, maana sisi tunapakia watu watano na magunia juu. Saizi na upepo unaotakiwa vimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Halafu jiulize unapita wapi. Kama ni lami kutoka Koboko hadi Kampala, tairi ya barabara, H/T, inatosha, na haina kelele. Kama kila wiki uko kwenye murram, yaani barabara ya udongo, na mvua inanyesha, chukua A/T, tairi ya lami na udongo pia, japo itakula mafuta kidogo zaidi. Na kwa gari linalovuta magurudumu manne, funga nne zinazofanana. Ukichanganya mpya na zilizokwisha unaumiza difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu.

Nakuomba usiniambie pesa haitoshi. Mimi pia nilisema hivyo. Afadhali ukae miezi miwili gari limeegeshwa, ununue mpya, hata zisizo na jina kubwa, kuliko kumpakia mzazi wako juu ya mpira uliozeeka. Umri, ndugu yangu. Soma umri.

Mama alitibiwa, sasa anaona vizuri. Mwezi uliopita nilipomfuata tena, alilizunguka gari kabla ya kupanda, akaniambia nimsomee namba. Nikainama nikamsomea zote tano.